Nyuma ya Sauti ya Mtangazaji: Kwa Nini Lamu Inahitaji Mafundi na Wahandisi wa Utangazaji

Maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vijana, wazazi na walimu wa Mokowe na vitongoji vyake

 Mazungumzo ya leo yanahusu kazi ambayo watu wengi huisikia kila siku bila kumwona anayeifanya.

Muulize kijana wa kidato cha nne anayependa redio angetaka kuwa nani, naye atajibu kwamba angetaka kuwa mtangazaji. Jibu hilo halina ubaya. Lamu ina watu wenye ndimi tamu, na Kiswahili cha hapa kimesifiwa tangu enzi za mababu. Lakini mtangazaji akikaa mbele ya maikrofoni na kusema “Hamjambo wasikilizaji,” sauti yake haiendi popote kwa nguvu ya koo lake. Kuna mtu aliyeunganisha maikrofoni ile, aliyepima umeme, aliyepanda mlingoti kukaza antena, na anayeamka usiku wa manane mtambo ukizima. Mtu huyo ndiye fundi au mhandisi wa utangazaji. Bila yeye mtangazaji anazungumza na kuta nne za chumba chake.

Historia ya nchi hii inathibitisha jambo hilo. Redio ilianza kusikika Kenya mwaka 1928, na runinga ikafuata mwaka 1962. Chuo cha mawasiliano ya umma cha Nairobi, ambacho wengi hukifahamu kwa kifupi cha KIMC, kilianzishwa mwaka 1961. Leo jina lake likitajwa watu huwafikiria wanahabari na watangazaji. Ukweli ni kwamba mwanzo wake ulikuwa kuwafundisha mafundi wa mitambo ya shirika la utangazaji la taifa. Nchi ilipojiandaa kusema kwa sauti yake yenyewe, ilijua kwamba lazima kwanza ipate watu wa kuifikisha sauti hiyo kwa wananchi.

Swali la leo ni hili: je, Lamu ina watu hao?

Kwanza, kwa nini jambo hili ni zito hapa kuliko mahali pengine? Lamu ni kaunti ya maji na nchi kavu. Kuna Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu. Kuna Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu. Kuna Basuba na Kiunga hadi mpakani. Mtu wa Kizingitini akitaka huduma ya ofisi iliyoko Mokowe hupanda boti. Gazeti huchelewa kufika. Mtandao wa simu una sehemu unaposhika na sehemu unapopotea. Katika hali hiyo, redio ndogo ya betri bado ndicho chombo ambacho mvuvi anaweza kuwa nacho katika mashua bila kununua bando.

Tena redio ina sifa moja ambayo simu haina. Watu wengi wakipiga simu kwa wakati mmoja, mtandao hulemewa na simu hazipiti. Mtambo wa redio haujui idadi ya wasikilizaji wake. Akisikiliza mtu mmoja au wakisikiliza watu 10,000, mtambo hufanya kazi ile ile na hakuna anayemnyima mwenzake nafasi. Ndiyo maana wakati wa dharura, wataalamu wa majanga duniani kote bado huitegemea redio.

Wazee waliopo wanaikumbuka tarehe 26 Desemba 2004. Mtetemeko wa chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, ulizusha mawimbi ya tsunami yaliyovuka Bahari ya Hindi nzima. Alfajiri ilikuwa inaingia huku kwetu pwani wakati ardhi ilipotikisika kule, na mawimbi yalichukua saa nyingi kufika. Habari ilitangulia. Ilifika kwa redio, kwa runinga na kwa simu, na maafisa wakawaondoa watu ufukweni katika sehemu mbalimbali za pwani. Kenya iliripoti kifo cha mtu mmoja. Kwa jirani zetu wa Somalia, watu wapatao 300 walipoteza maisha. Sababu za tofauti hiyo zilikuwa zaidi ya moja, pamoja na nguvu ya mawimbi yenyewe mahali yalipopiga. Lakini hakuna anayebisha kwamba onyo linalofika mapema huokoa watu, na onyo lisilofika ni sawa na onyo ambalo halikutolewa.

Haihitaji tsunami. Kila mwaka kusi hupiga, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Tahadhari hiyo ina thamani iwapo nahodha ameisikia kabla ya kung'oa nanga.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, ili vijana waone kwamba hesabu na fizikia wanazosoma darasani ni vitu vya kutumia hapa hapa Mokowe.

Mawimbi ya redio ya FM husafiri karibu katika mstari mnyoofu. Dunia nayo ni mviringo. Kwa hiyo hufika mahali ambapo mgongo wa dunia huyaziba mawimbi, kama vile tanga la jahazi linavyozama polepole machoni mwa mtu aliyesimama gatini. Wahandisi wana kanuni rahisi ya kukadiria umbali huo. Chukua urefu wa mlingoti kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.1. Jibu ni umbali kwa kilomita.

Tuseme umesimamishwa mlingoti wa mita 100 hapa Mokowe. Urefu huo unakaribia ule wa jengo la KICC kule Nairobi, ambalo lina mita 105. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Kumi mara 4.1 ni kilomita 41. Msikilizaji naye ana redio mkononi, kama mita moja na nusu kutoka chini, na hilo huongeza kilomita 5 hivi. Jumla ni kilomita 46.

Faza iko umbali wa kama kilomita 35 kutoka Mokowe ukikata moja kwa moja angani. Kwa hesabu hiyo Faza itasikia. Kiunga je? Kiunga iko umbali wa takriban kilomita 90. Kwa hesabu ile ile, mlingoti wa kuifikia Kiunga kutoka Mokowe ungehitaji urefu wa zaidi ya mita 400, yaani KICC nne zikipandiana, kwa sababu ardhi ya Lamu ni tambarare na haina mlima wa kuusimamishia.

Watu wengi hudhani dawa ni kununua mtambo wenye nguvu zaidi. “Ongezeni wati,” husema. Lakini wati haziruki mgongo wa dunia. Nguvu ya mtambo husaidia sauti isikike vizuri ndani ya eneo linaloonekana kutoka juu ya mlingoti, na hata humo, ili kuufikia umbali mara mbili kwa ubora ule ule unahitaji nguvu mara nne. Ukipita mstari wa upeo, pesa ya wati za ziada hupotea. Dawa ya kweli ni kituo cha kupokezana: mlingoti mwingine katikati unaopokea matangazo na kuyarusha tena mbele, kama wabeba mizigo wanaopokezana kutoka botini hadi nchi kavu.

Hesabu hiyo imechukua dakika mbili. Anayeijua huokoa mamilioni ya shilingi. Asiyeijua hununua mtambo mkubwa, kisha hushangaa watu wa Kiunga bado wanalalamika. Hapo ndipo inapoonekana faida ya kuwa na mtaalamu aliyesoma, tena anayeijua Kiunga iko wapi.

Kijana anaweza kuuliza: mbona babu alikuwa akisikia Zanzibar, Cairo na London miaka hiyo, na wala hapakuwa na mlingoti wa mita 400? Swali zuri, na jibu lake lingefaa kusomwa katika kila darasa la fizikia. Redio za zamani zilitumia masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya masafa ya kati hutambaa juu ya uso wa dunia, na hutambaa vizuri zaidi juu ya maji ya chumvi kuliko juu ya nchi kavu, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme. Watu wa visiwani walikuwa na bahati hiyo bila kujua. Masafa mafupi nayo hupanda hadi tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini mbali sana. Ndivyo idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilivyofika mpaka vibaraza vya Amu. Ubaya wake ni kwamba sauti hiyo huja na kwenda, ina mikwaruzo, na mitambo yake ni mikubwa na hula umeme mwingi. FM ilileta sauti safi kwa gharama ndogo, lakini ikaleta pia tatizo la upeo.

Baada ya mlingoti kuna adui mwingine ambaye watu wa Lamu wanamjua vizuri: chumvi. Mwenye boti anajua chumvi inavyokula chuma. Antena na kebo huliwa vivyo hivyo. Maji yakipenya katika kiungo cha kebo juu ya mlingoti, nguvu inayotakiwa kutoka nje hurudi nyuma mpaka kwenye mtambo. Mtambo usipokuwa na kinga, huungua. Kinachoanza kama kiungo kilicholegea huishia kuwa bili kubwa na wiki kadhaa za ukimya wakati vipuri vinasubiriwa kutoka mbali. Fundi aliye karibu, anayepanda mara kwa mara kukagua na kuziba, anaweza kuzuia hasara hiyo kwa utepe wa kuzuia maji na spana.

Kisha kuna umeme. Mtambo unaovuta wati 800 kwa saa 24 hutumia zaidi ya yuniti 19 za umeme kwa siku, kabla ya kuhesabu studio, taa na feni. Stima ikipotea, je, jenereta itawaka? Betri zitabeba kwa muda gani? Sola inahitaji paneli ngapi ili kituo kisizime usiku? Haya yote ni maswali ya hesabu, na kila moja lina jibu sahihi na majibu mengi yasiyo sahihi.

Runinga nayo imebadilika. Katika makubaliano yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, nchi nyingi ziliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa runinga ya analojia. Kenya ilizima mitambo yake ya zamani mapema mwaka huo wa 2015. Wananchi wanakumbuka ving'amuzi, na wanakumbuka jinsi baadhi ya vituo vikubwa vilivyokuwa kimya kwa takriban wiki tatu kati ya Februari na Machi kwa sababu ya mvutano kuhusu nani asambaze mawimbi. Wengi walichukua jambo lile kuwa siasa na biashara. Ndani yake kulikuwa na mabadiliko makubwa ya kiufundi. Zamani masafa moja yalibeba stesheni moja ya runinga. Kwa mfumo wa dijitali, masafa hayo hayo hubeba stesheni zaidi ya 10, kwa sababu picha na sauti hugeuzwa kuwa namba, zikapunguzwa ukubwa na kufungwa pamoja. Anayefahamu kazi hiyo leo anahitaji kujua redio na kompyuta kwa pamoja. Fundi wa miaka ya 1970 aliyejua kuchomelea saketi tu asingetosha.

Je, mambo haya yanasomwa wapi?

Njia ya kwanza ni shahada ya uhandisi wa umeme na elektroniki, au uhandisi wa mawasiliano ya simu. Kozi hii kwa kawaida huchukua miaka 5. Mwanzoni mwanafunzi husoma hesabu, fizikia, michoro na kazi za karakana. Baadaye huingia katika saketi, mawimbi, antena, mawasiliano ya dijitali na mitandao ya kompyuta, na mwishoni hutengeneza mradi wake mwenyewe. Katikati huenda kwenye mafunzo ya kazini. Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja na Chuo Kikuu cha Moi vyote hufundisha uhandisi wa aina hii. Chuo Kikuu cha Multimedia, Nairobi, kilianza mwaka 1948 kama shule ya kuwafundisha wafanyakazi wa posta na simu wa Afrika Mashariki.

Kwa watu wa pwani, kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mizizi yake ni taasisi ya elimu ya Kiislamu iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ujuzi wa ufundi. Baadaye ikawa politekniki, na mwaka 2013 ikapata hadhi ya chuo kikuu kamili. Mzazi wa Lamu anayeogopa kumpeleka mtoto Nairobi ajue kwamba uhandisi wa umeme unasomwa Mombasa pia.

Njia ya pili ni stashahada. Hii ni fupi, ni ya mikono zaidi, na kwa kituo cha redio chenye mlingoti mmoja ndiyo inayohitajika mara nyingi. KIMC bado inafundisha uhandisi wa elektroniki pamoja na utayarishaji wa vipindi vya redio na runinga. Vyuo vya kiufundi pia hutoa stashahada na vyeti vya umeme na elektroniki.

Tofauti kati ya njia hizi mbili isieleweke vibaya. Mhandisi mwenye shahada hupanga mfumo: mlingoti uwe wapi, masafa yapi, nguvu kiasi gani. Fundi mwenye stashahada huujenga na kuutunza. Kituo bila mhandisi huanza vibaya, na kituo bila fundi hakidumu. Hakuna aibu katika stashahada, na wengi walioanzia huko waliendelea mpaka shahada wakiwa tayari na kazi.

Mambo manne yasemwe wazi, ili mtu asije akalaumu baadaye.

La kwanza ni alama. Kwa shahada, mtahiniwa wa KCSE anahitaji angalau wastani wa C+, na kwa uhandisi anahitaji alama nzuri katika hesabu, fizikia na kemia. Kwa stashahada, wastani wa C- ndio unaotakiwa mara nyingi. Masharti kamili ya kila kozi hutolewa na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, na ni vyema kuyasoma kabla ya kuchagua, si baada ya matokeo. Mwanafunzi aliyeacha fizikia kidato cha pili amejifungia mlango bila kujua. Kwa wanaosoma mtaala wa umilisi, mlango huo uko katika njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu katika sekondari ya juu.

La pili ni kutambuliwa kwa kozi. Si kila kozi yenye neno “uhandisi” inamfanya mtu kuwa mhandisi mbele ya sheria. Bodi ya Wahandisi ya Kenya ndiyo inayosajili wahandisi, na ina orodha ya kozi inazozitambua. Mafundi na wanateknolojia wana bodi yao iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Kabla ya kulipa karo hata ya muhula mmoja, uliza: je, kozi hii imetambuliwa? Miaka 5 ni mingi mno kuja kugundua jibu siku ya kuhitimu.

La tatu ni karo. Uhandisi ni kozi ya gharama. Kuna mikopo ya HELB, kuna basari za kaunti na za maeneobunge. Fomu za basari huchelewa kujazwa, si kwa sababu familia hazina shida, bali kwa sababu habari haifiki, au kitambulisho na cheti cha kuzaliwa hazikuandaliwa mapema. Anza kuuliza katika ofisi ya wadi yako mapema, mtoto akiwa bado shuleni.

La nne ni ajira. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba kila atakayesoma utangazaji atapata kazi redioni. Vituo ni vichache, na baadhi hulipa kidogo. Lakini ujuzi wenyewe haufungwi ndani ya studio. Anayejua mawimbi, umeme na mitandao anaweza kufanya kazi kwenye minara ya simu, kwenye mawasiliano ya meli na bandari, kwenye mifumo ya sola au kwenye vyombo vya hospitali. Bandari ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza ya mizigo mwezi Mei 2021, na bandari yoyote duniani huendeshwa kwa redio na mitambo ya mawasiliano. Swali ni kama watakaoitunza mitambo hiyo watakuwa watoto wa Mokowe na Kililana, au watakuwa wageni watakaokuja kwa kandarasi na kuondoka.

Huenda mtu akasema haya ni mambo ya miji mikubwa. Mfano wa Homa Bay unajibu. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo cha redio ya jamii kilianzishwa pale kando ya Ziwa Viktoria, kwa vifaa vya bei nafuu na mtambo mdogo wa FM. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake Kenya, na watu walizungumza humo kwa lugha yao kuhusu afya, kilimo na maisha yao. Kilifungwa mwaka 1984 kwa uamuzi wa serikali ya wakati ule, lakini kilikuwa kimeshaonyesha kwamba mji mdogo unaweza kuwa na sauti yake bila mitambo ya mamilioni.

Miaka mingi baadaye, Idara ya Hali ya Hewa ilisaidia kuanzisha redio ndogo za jamii chini ya mradi uitwao RANET, kikiwemo kituo cha Kangema kule Murang'a na kingine Kwale, hapa hapa pwani. Lengo lilikuwa kumfikishia mkulima na mvuvi utabiri wa hali ya hewa kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo wazo la redio inayomwambia mvuvi “kesho usitoke” si ndoto. Lipo, limejaribiwa, na kanuni za leseni zinafahamika: Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo hutoa masafa na kibali, ikiwemo kwa redio za jamii.

Kinachovishinda vituo vidogo vingi si siku ya uzinduzi. Siku hiyo wageni huja, utepe hukatwa, picha hupigwa. Kinachovishinda ni mwaka wa tatu, wakati ufadhili umekwisha, chumvi imeingia kwenye kebo, na fundi aliyefunga mtambo yuko Nairobi na nauli yake ni kubwa kuliko bei ya kipuri. Jamii yenye fundi wake huvuka mwaka huo. Jamii isiyokuwa naye huishia na mlingoti uliopata kutu na watoto wanaouliza ule ulikuwa wa nini.

Kwa walimu, ombi ni moja. Fizikia ifundishwe kwa vitu vya hapa. Hesabu ya mlingoti wa Mokowe na Kiunga ingefaa kuandikwa ubaoni hata leo mchana. Redio mbovu iliyotupwa nyumbani ni maabara. Wasichana wasiambiwe kwamba elektroniki ni ya wavulana, maana mkono unaoweza kushona kofia ya vito bila kukosea tundu unaweza kuchomelea saketi.

Kwa wazazi, mtoto anayefungua redio ya nyumbani kuangalia ndani yake asipigwe kabla ya kuulizwa alikuwa akitafuta nini. Huenda akaiharibu. Huenda pia akawa ndiye atakayetengeneza nyingine mia.

Kwa vijana, anzeni na mlichonacho. Jifunzeni kupima umeme kwa usalama mbele ya fundi anayejua. Sikilizeni usiku mkiwa na redio yenye masafa ya kati, mwone ni vituo vingapi vya mbali mnavyovipata ambavyo mchana havipo, kisha mumuulize mwalimu kwa nini. Ukipata nafasi ya kutembelea kituo cha redio, usikae upande wa mtangazaji peke yake. Omba kuona chumba cha mitambo, chumba chenye joto na kelele za feni, kisichopigwa picha. Ukivutiwa na chumba hicho, kazi hii ni yako.

Na wale wanaotaka kuwa watangazaji wasivunjike moyo. Lamu inawahitaji pia. Wajue tu kwamba kati ya kinywa chao na sikio la mvuvi wa Kizingitini kuna kilomita nyingi za bahari, na mtu wa kuzivusha ni lazima awepo. Akiwa ni mtoto wa hapa, mtambo ukizima saa nane za usiku ataamka na kwenda kuuwasha, kwa sababu mvuvi anayesubiri habari ya upepo ni mjomba wake.